Kutoka 'makhaazin' hadi 'magazine': safari ya neno la ghala

Yako maneno ya kigeni ambayo tumeyazoea majumbani mwetu kiasi cha kutouliza tena yametoka wapi. Moja kati ya hayo ni 'magazine'. Binti anayesoma sekondari huliita hivyo jarida la mitindo ya mavazi aliloazima kwa mwenzake. Kaka yake, akisimulia habari ya askari aliyemwona kwenye mlango wa benki, husema bunduki ile ilikuwa na 'magazini' ndefu. Na akija mgeni wa familia kutoka Lubumbashi, ambako Kifaransa huchanganyika na Kiswahili kila siku, atasema kwamba njiani alipita 'magazini' kununua vitenge, na watoto watacheka wakidhani amekosea. Hakukosea. Jarida, kasha la risasi na duka ni neno moja, na neno hilo halikuzaliwa Uingereza wala Ufaransa.

Baadhi ya wazazi wa msikiti wetu walituuliza habari yake baada ya vijana wao kulikuta katika orodha ya 'maneno ya Kiarabu yaliyoibwa na Wazungu', orodha ambayo imekuwa ikipitishwa kutoka simu hadi simu. Walitaka kujua kama maneno hayo ni ya kweli. Jawabu fupi ni kwamba asili ya neno hili ni Kiarabu bila shaka, lakini habari ya wizi haina msingi. Jawabu refu lina faida zaidi, kwa sababu swali lenyewe lilitufikia wakati kamati ikiwa na uamuzi wa kufanya kuhusu chumba kimoja cha msikiti. Habari ya chumba hicho tutaifikia mahali pake.

Wanafunzi wa madrasa wanaoanza sarufi hufundishwa kwamba maneno ya Kiarabu hujengwa juu ya herufi za mzizi, aghalabu tatu. Mzizi tunaouhitaji hapa ni khaa, zaa na nuni. Khazana maana yake ni kuweka kitu mahali pa salama ili kipatikane kitakapohitajika. Anayekiweka ni khaazin. Mahali kinapowekwa ni makhzan, kwa kanuni ile ile inayotupa masjid, mahali pa kusujudu, na madrasa, mahali pa kudurusu. Mahali hapo pakiwa pengi huitwa makhaazin. Msomaji aukumbuke wingi huo, maana ndio uliopanda jahazi.

Sisi Waswahili hatukuisubiri Ulaya ituletee mzizi huu. Tunayo hazina, na tunaye mhazini. Serikali ya Tanzania huiita Hazina ofisi inayosimamia fedha za umma, na hakuna kamati ya msikiti, chama cha kufa na kuzikana wala kikundi cha akina mama cha kuweka akiba kisichokuwa na mhazini wake. Mhazini wetu, ambaye ni mtu wa mizaha, alipoambiwa kwamba jina la cheo chake na jina la jarida la mitindo la bintiye ni ndugu wa mzizi mmoja, alisema kwamba basi naye anastahili picha yake itokee kwenye jalada.

Katika Qur'ani Tukufu mzizi huu umekuja mara nyingi, na kila mahali una uzito. Malaika wanaosimamia milango ya Pepo na ya Moto wametajwa katika Sura Az-Zumar kwa jina la khazana, yaani walinzi wa kilichomo ndani. Katika Sura Al-Hijr, hazina za kila kitu zimetajwa kuwa ziko kwa Mwenyezi Mungu (S.W.), na mara baada yake wanadamu wanakumbushwa kwamba maji ya mvua wanayoyanywa, si wao wenye kuyaweka akiba. Lakini mahali tunapopenda kusimama zaidi ni Sura Yusuf, aya ya 55. Nabii Yusuf (A.S.) ametoka gerezani, ameifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, naye anaomba asimamishwe juu ya khazaain za nchi, maghala ya nchi nzima, kabla njaa haijafika. Anapoomba anataja sifa mbili tu za kumstahilisha: kwamba yeye ni hafiidh na kwamba ni aliim.

Tuzitazame sifa hizo pamoja, kwa kuwa wengi wetu hutosheka na ya kwanza. Hafiidh ni mwenye kutunza, asiyeiba wala kuacha kiharibike. Aliim ni mwenye kujua. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, akaufunga mlango wa ghala kwa kufuli tatu, na nafaka ikaoza ndani yake kwa sababu hajui namna ya kuihifadhi. Nabii Yusuf (A.S.) alikuwa ameshaeleza namna hiyo kabla hajaomba cheo: wanachovuna katika miaka ya neema wakiache katika mashuke yake, ila kile kidogo watakachokula. Mkulima yeyote wa uwele au mtama anajua kwamba punje iliyo ndani ya shuke hukaa muda mrefu kuliko iliyokwisha kupurwa. Elimu ya ghala, basi, ni kujua kinachowekwa, namna ya kukiweka, na siku ya kukitoa.

Neno hili lilivukaje bahari? Lilivuka pamoja na mizigo. Katika karne ya 12 na ya 13 wafanyabiashara wa miji ya Italia, hasa Pisa, Genoa na Venice, walikuwa wakienda Iskandaria, Tunis na Bijaya, bandari iliyoko katika Aljeria ya leo. Wageni hao walipewa kukaa katika funduq, jengo kubwa lenye ua katikati, ambalo aghalabu vyumba vya kulala vilikuwa juu na maghala yalikuwa chini. Bidhaa zilishushwa, zikahesabiwa na watu wa forodha, zikafungiwa katika makhaazin mpaka bei itengemae au pepo zigeuke. Mtu aliyekaa huko msimu mzima akingojea pamba au ngozi zake alilisikia neno hilo kutwa mara kumi. Mtaliana akalichukua kama alivyolisikia, wingi wake ukawa umoja kinywani mwake, na ile khaa iliyomshinda ikalainika kuwa ga. Ndipo likawa magazzino. Tusimcheke, kwa kuwa khaa imetushinda sisi pia. Waarabu walitupa khabar, khatar na khazina, nasi tukasema habari, hatari na hazina.

Halikupita neno hilo peke yake. Katika bandari ya Bijaya alikuwapo afisa mmoja wa Pisa aliyehudumu katika forodha kwa niaba ya wafanyabiashara wa mji wake, naye alimwita mwanawe Leonardo aje ajifunze hesabu kwa waalimu wa huko. Kijana akajifunza tarakimu ambazo Waislamu walizipokea kutoka India, pamoja na sifuri yake, na mwaka 1202 akaandika kitabu kilichoieleza Ulaya namna ya kuzitumia. Hadi leo Mwingereza akitaja 'zero' anatamka sifr yetu iliyochakaa kwa safari. Hata 'tariff', neno lake la ushuru wa forodha, ni ndugu wa taarifa, kwa kuwa lilianza kama orodha ya kuwajulisha wafanyabiashara wanachotakiwa kulipa.

Huko Andalusia, ambako Kiarabu kilikaa kwa karne nyingi, watu walilichukua neno la ghala pamoja na al yake. Kihispania kikawa na almacén, na Kireno armazém. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, neno hilo lilikuwa vinywani mwao, katika mji ambao wenyeji wake walikuwa wakisoma khazaain ndani ya Sura Yusuf. Maneno mawili ya mzizi mmoja yakapishana katika bandari ile bila kutambuana.

Waingereza walilipokea neno kwa mkono wa Wafaransa, waliokuwa wakisema magasin, katika miaka ya 1580. Kwanza lilikuwa ghala la kawaida. Lakini zama hizo zilikuwa za vita, na punde likaelemea upande wa silaha na baruti. Katika manowari zao, 'magazine' kilikuwa chumba cha baruti kilichowekwa chini kabisa, chini ya usawa wa maji, na hakuna aliyeruhusiwa kukiingia na moto wa wazi. Kutoka chumba hicho ndipo, katika karne ya 19 bunduki zilipoanza kubeba risasi nyingi kwa pamoja, jina lilishuka hadi kwenye kile kikasha kidogo alichokiona kijana wetu mlangoni mwa benki. Ni ghala bado, ila ni ghala la kiganjani.

Wakati baruti ikilichukua neno upande mmoja, waandishi walilivuta upande wa pili. Waliona kwamba kitabu nacho ni ghala. Mwaka 1669 baharia aitwaye Samuel Sturmy alichapisha kitabu kikubwa alichokiita The Mariner's Magazine, yaani ghala la baharia, akikusanya humo elimu ya kupima nyota, hesabu za safari na hata matumizi ya mizinga. Fikra hiyo haikuwa mpya duniani. Karne tano nyuma, mshairi Nizami wa Ganja alikuwa ameutungia utenzi wake wa Kiajemi jina la Makhzan al-Asrar, ghala la siri. Hatudai kwamba Sturmy alipata kumsikia Nizami. Tunasema tu kwamba mtu wa Ganja na baharia wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, waliona kwamba elimu huwekwa kama nafaka.

Sasa tumfikie mtu aliyelipa neno maana ambayo binti wa sekondari anaijua. Alikuwa Edward Cave, mtoto wa fundi viatu, aliyepata kazi katika posta ya London. Magazeti ya mikoani yalipita mikononi mwake kila wiki, na yale ya London yalikuwa mengi kiasi kwamba hakuna mtu mwenye kazi zake aliyeweza kuyasoma yote. Mengi yalisomwa asubuhi na kutupwa jioni. Cave akafikiri: je, kama kila mwezi angeyapitia yote, akachagua yaliyo bora, akayafupisha na kuyaweka ndani ya kijitabu kimoja? Wachapaji na wauza vitabu aliowaeleza waliona kwamba wazo hilo halina faida. Akaamua kulichapisha mwenyewe, na Januari 1731 likatoka toleo la kwanza la The Gentleman's Magazine.

Ndani yake mlikuwa na muhtasari wa makala za magazeti mengine, habari za bunge, mashairi, bei za bidhaa, na orodha za waliooa na waliofariki. Jina alilolichagua lilikuwa sahihi kabisa kwa kazi aliyoifanya. Hilo lilikuwa ghala: vitu vilivyotoka mashamba mbalimbali, vikachambuliwa, vikawekwa mahali pamoja ili visipotee. Mwaka uliofuata washindani wake wakatoa London Magazine, wakifuata mfano ule ule, na baada yao wengine wakaja wasiohesabika. La Cave lenyewe liliendelea kuchapishwa mpaka karne ya 20.

Mahali alipolichapishia pana mshangao wake. Palikuwa St John's Gate, lango la kale katika mtaa wa Clerkenwell, London, na picha ya lango hilo ilichapwa kwenye jalada la kila toleo. Lango hilo ni mabaki ya makao ya mashujaa wa Mtakatifu Yohana, kundi lililopata nguvu Yerusalemu wakati wa Vita vya Msalaba, na ambalo Sultani Suleiman alilitoa katika kisiwa cha Rhodes mwaka 1522. Mfalme wa Uingereza akalivunja kundi hilo katika nchi yake mwaka 1540, na majengo yakaangukia matumizi mengine. Miaka 191 baadaye, ndani ya lango la watu waliopigana na Waislamu kwa karne nyingi, neno la Kiarabu likapata maana yake mpya kabisa. Hatusemi hivyo kwa kumkejeli mtu. Lugha hazikuwahi kushiriki uadui wa wenyewe kwa ukamilifu.

Kijana maskini aliyekuja kumwandikia Cave kuanzia mwaka 1738 alikuwa Samuel Johnson, ambaye baadaye alitunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1755. Alipolifikia neno hili alilieleza kwanza kuwa ni ghala, hasa la silaha au vyakula, kisha akaongeza kwamba siku hizi limeanza pia kumaanisha kijitabu cha mambo mchanganyiko, na akamtaja Cave kwa jina lake kuwa ndiye chanzo. Ni nadra kwa maana ya neno kuwa na baba anayejulikana namna hiyo.

Kwingineko neno lilikwenda kila upande. Ufaransa na Urusi likatulia kwenye duka, na ndilo alilolileta mgeni wetu wa Lubumbashi. Waturuki wana mahzen, chumba cha chini cha kuwekea vitu, waliyoichukua kwa Waarabu, na mağaza, duka kubwa, iliyowarudia kupitia Ulaya, na wengi huyatumia yote mawili bila kujua kuwa ni moja. Moroko, Makhzen ndilo jina la dola yenyewe, kwa kuwa mwenye ghala la kodi ndiye mwenye amri. Na mwaka 1901, mjini Lahore, Sheikh Abdul Qadir alianzisha jarida la fasihi ya Kiurdu akaliita Makhzan, ambamo Muhammad Iqbal, angali kijana, alichapisha mashairi yake. Hapo neno lilifika tena katika nyumba ya Waislamu likiwa na maana zote mbili, ghala na jarida, na msomaji wa Lahore aliyejua Kiingereza na Kiarabu bila shaka alitabasamu.

Kwa hiyo, neno hili liliibwa na nani? Hakuna aliyeiba. Mtaliana alilipata dukani na ghalani, akilipa kodi ya pango na ushuru wa forodha. Tunawasihi vijana wetu wasizipokee orodha hizi za kwenye simu bila kuzipima, kwa sababu zimechanganya kweli na dhana. Humo wameandika, kwa mfano, kwamba 'cheque' imetoka moja kwa moja katika neno la Kiarabu sakk, hati ya malipo. Kwamba Waislamu walitumia sakk katika biashara kabla ya Ulaya kuwa na hundi ni kweli. Lakini kamusi kubwa za Kiingereza hulifuata neno 'cheque' kwa njia nyingine, hadi kwenye mchezo wa sataranji na neno la Kiajemi shah, mfalme. Ukimwambia mtu jambo lisilo na uthabiti, siku atakapoligundua atayatilia shaka hata yale yaliyo thabiti. Wala kuazima maneno si aibu ya kumtangazia mtu. Imam Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika kitabu kizima juu ya maneno ambayo wanazuoni wametaja kuwa yaliingia katika Kiarabu kutoka lugha nyingine na yakatumika katika Qur'ani. Ikiwa mwanachuoni wa daraja lake hakuona haya kulitafiti jambo hilo, sisi ni nani tuwacheke Waingereza?

Waarabu wenyewe, wakitaka kutaja jarida, husema majalla. Makhzan kwao imebaki ghala la mchele na matairi. Nasi tumechukua jarida, ambalo katika Kiarabu asili yake inahusiana na upongoo wa mtende uliokwisha kuondolewa majani, wakati gazeti limetufikia kutoka Venice, kwa jina la sarafu ndogo ya mji ule. Upongoo na sarafu: kimoja huandikiwa, kingine hununulia. Kati ya majina yote haya, lile la ghala peke yake ndilo linalotaja kitakachotokea baada ya kusoma.

Pwani yetu tunao ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 1930, mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika juu ya elimu ya watoto, juu ya mila zinazowafilisi watu, juu ya Waislamu kuachwa nyuma na zama. Al-Islah halikuishi muda mrefu. Hata hivyo sehemu ya makala zake ilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na hadi leo kuna familia zinazokisoma. Kimewafikia kwa sababu kulikuwa na watu waliozikunja karatasi zile na kuziweka kabatini badala ya kuwashia jiko. Majina ya watu hao hayakuandikwa popote.

Na sasa habari ya chumba. Nyuma ya msikiti wetu, karibu na mahali pa kutilia udhu, kuna stoo yenye makabati mawili na makatoni yasiyopungua 20. Ndani yake mna nakala za zamani za magazeti ya Kiislamu, daftari za mahudhurio ya madrasa, kumbukumbu za vikao vya kamati, risiti za michango ya ujenzi, kalenda za Ramadhani na juzuu zilizochanika. Masika iliyopita paa lilivuja, na mchwa wameshaonekana kwenye kona ya kushoto. Vijana walipendekeza chumba kisafishwe ili kiwekwe jenereta na mazulia ya akiba, jambo ambalo lina haja yake. Baadhi ya wazee walipendekeza makaratasi yote yachomwe kwa heshima, kwa kuwa yana majina ya Mwenyezi Mungu na hayafai kutupwa jalalani. Hoja hiyo nayo ni ya kisheria na ina watangulizi wake.

Lakini kabla ya kikao kuamua, alikuja mama mmoja mjane na shida yake. Kisima kinachotumiwa na jirani zake kilitolewa wakfu na baba yake, na mtu aliyenunua kiwanja cha pembeni ameanza kusema kwamba kisima kimo ndani ya mipaka yake. Hati ya wakfu haionekani. Mama huyo alikumbuka tu kwamba, alipokuwa msichana, habari ya kisima ilipata kuandikwa gazetini. Tulikaa katika stoo ile siku mbili na vijana watatu wa madrasa. Siku ya pili, baada ya swala ya Adhuhuri, gazeti lilipatikana: habari ya mistari michache, pamoja na jina la mtoaji, la mtaa na la masheikh walioshuhudia. Si hukumu, wala haijatosha peke yake. Lakini kadhi ameipokea nakala yake na ameitisha pande zote mbili, na mpaka hapo mama yule anayo karatasi mkononi.

Katika kikao kilichofuata tuliwakumbusha wajumbe habari ya Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakiukarabati walikuta, baina ya dari na paa, rundo la karatasi na ngozi zilizoandikwa, zilizoshikamana kwa mvua na kuliwa na wadudu. Yasimuliwa kwamba walizitia kwenye magunia na kuziweka kando, wakaendelea na kazi. Ndani ya rundo hilo zimo kurasa za misahafu ambazo ni miongoni mwa za kale zaidi zinazojulikana duniani. Waliozipandisha juu ya dari karne nyingi nyuma walifanya walichoweza: waliona hazifai tena kusomwa, na hawakuwa radhi kuzitupa. Walikuwa hafiidh. Kilichohitajika baadaye ni wajuzi wa kuzisafisha, kuzipanga na kuzisoma, na kazi hiyo iliwachukua watu miaka mingi.

Kamati imeamua hivi. Jenereta litajengewa kibanda chake nje, fedha zikipatikana. Mazulia yatasogezwa kwenye roshani. Juzuu zilizochanika na karatasi zisizosomeka zitazikwa mahali pasipokanyagwa, chini ya usimamizi wa imamu. Magazeti, daftari na kumbukumbu za vikao zitapangwa kwa miaka, na kila ukurasa wenye habari ya wakfu, nikahi, mazishi au ujenzi utapigwa picha kwa simu na kuhifadhiwa mahali pawili. Ufunguo unakaa kwa mhazini kama zamani. Kinachoandaliwa sasa ni daftari la kuonyesha kilichomo, liandikwe kwa hati inayosomeka hata na mtoto, ili anayekuja na shida asikae siku mbili katika vumbi.

Akina mama wa darsa wameahidi kuanza kazi hiyo Jumamosi ijayo baada ya Alasiri, na vijana wa madrasa watapanda kuziba paa kabla ya vuli. Mhazini ameomba nondo za mbao za kuinulia makatoni kutoka sakafuni na dawa ya mchwa. Familia zenye nakala za magazeti ya zamani tunaziomba zituletee tuziangalie, tutazirudisha zikishapigwa picha. Na wale wanaouza chapati na vitumbua tunawaomba, kwa hisani yao, watuonyeshe marundo yao kabla hawajafungia.